Koti la Mama Mkwe

Isansa, Mbozi. Kuku wa shule bado wamejikunyata kwenye vichanja vyao. Ukungu umelala juu ya mibuni, na banda la ng'ombe hulioni mpaka uligonge kwa pua. Ndani inawaka taa ya chemli. Tabita Silwimba amekaa kwenye kigoda, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe pajani, na maziwa yanaingia ndooni kwa kupokezana, mkono huu, mkono ule.

"Rudisha mguu, Mama," anasema, kama anayemwomba mtu mzima asogee kidogo kwenye benchi. Ng'ombe anarudisha mguu.

Baridi ya Mbozi haina mzaha asubuhi hii, lakini Tabita amevaa sweta ya shule peke yake na meno yanamgongana. Si kwamba hana koti la kazi. Analo, ila limetandikwa kwenye kizimba cha pili, na juu yake amelala ndama mchanga, ametulia kama mgeni aliyepewa godoro la sebuleni.

Nje ya mlango amesimama binti mdogo mwenye ushungi mweupe, mikono ameifumbata kifuani. Haingii. Amekatazwa.

"Leo Ijumaa," Tabita anamweleza mwandishi bila kugeuka. "Jumapili yule pale mlangoni ndiye atakayekaa kwenye kigoda hiki, peke yake. Ng'ombe akimkubali, amepata shule. Akimkataa, sijui nitamtazamaje mama yake."

Tabita ana miaka ishirini na yuko kidato cha nne katika Shule ya Sekondari Lwezya, shule ndogo ya wazazi isiyo mbali na Isansa. Mapema Novemba hii ya mwaka 2013 ataingia kwenye mtihani wa taifa. Mpaka siku hiyo ana mambo mawili kichwani: Kemia, na mrithi wake bandani.

Lwezya wana utaratibu wao. Mtoto aliyefaulu lakini kwao hakuna ada hupewa mnyama wa kumtunza, na kwa kazi hiyo husoma na kula bure mpaka amalize. Kuna ng'ombe watatu wa maziwa, mbuzi, nguruwe na kuku. Maziwa na mayai huliwa bwenini, ziada huuzwa Isansa.

Ada ni shilingi laki nne kwa mwaka. Mama yake Tabita, Bi Restuta, analima ufuta na mtama huko Chitete, na msimu ambao mvua imemhurumia hupata kama laki tatu. Watoto anao watano. "Hesabu hiyo hata darasa la pili anaijua," anasema Tabita, akicheka.

Alifika hapa Januari 2010, nyuma ya pikapu iliyokwama njiani mara mbili, akiwa na ndoo, godoro, na jogoo ambaye mama yake alimtuma ampe mwalimu kama shukrani. Jogoo alifika mzima. Godoro lilikuwa limelowa.

Aliyempokea ni Mwalimu Lusubilo Mwashiuya, mwalimu wa kilimo, mtu wa maneno machache na buti kubwa. "Nilimwuliza, ng'ombe unawajua? Akasema ndiyo mwalimu, kwetu wako wengi," anakumbuka. "Hakuniambia kwamba kwao ng'ombe ni kazi ya wavulana. Yeye alikuwa akiwajua kwa mbali, mikia tu."

Wa kidato cha kwanza huanzia kwa kuku na kukata majani. Mwaka unapokaribia kuisha ndipo hukabidhiwa mnyama wa mwanafunzi anayeondoka. Tabita alipelekwa kwa Deus, kijana wa kidato cha nne wakati huo, aliyekuwa akimtunza ng'ombe aitwaye Mama Mkwe.

Jina hilo halikutolewa bure. Mama Mkwe hula alichoandaliwa vizuri. Hapendi kelele, hapendi mgeni, na ukimkosea jana atakukumbusha leo. Lakini pia ndiye anayetoa maziwa mengi kuliko wenzake wawili, lita kumi na sita kwa siku akiwa amezaa vizuri, kwa hiyo hakuna wa kumsema.

Siku ya kwanza alimpiga Tabita teke lililomtupa kwenye pipa la pumba. "Nililia," anasema. "Deus hakunibembeleza. Alivua koti lake, akanivisha, akasema simama hapa, kaa kimya, akunuse."

Ndiyo mila ya banda hili. Kila ng'ombe ana koti lake la kukamulia, na koti si mali ya mtu. Linakwenda na ng'ombe. Wakati wa makabidhiano, anayeondoka na anayeingia hulivaa kwa zamu, na kwa muda wote huo halifuliwi hata kwa bahati mbaya. Harufu ya mwenyeji humbeba mgeni mpaka ng'ombe asione tena tofauti.

Koti la Mama Mkwe lilikuwa jeupe zamani, wanavyosema. Kila aliyelivaa ameliwekea kiraka: kuna cha kaki, cha kitenge, hata cha gunia. Mwandishi wa makala haya aliliinamia akalinusa ili aandike kwa uhakika. Hatarudia.

"Deus namshukuru sana," anasema Tabita, na hapa sauti yake inashuka. "Alikuwa na mtihani mbele yake, kama mimi sasa. Angeweza kusema huyu msichana wa Chitete hafai, leteni mwingine. Hakusema. Alikuja kila alfajiri mpaka nikaweza." Deus sasa ana duka dogo la dawa za mifugo Vwawa, na kila akipita Isansa huulizia kwanza hali ya ng'ombe, halafu ya watu.

Kule Chitete, Bi Restuta alichukua muda kuizoea habari hiyo. "Nilipoambiwa mwanangu anakamua niliona haya," anasema kwa simu. "Mtoto wa kike, na ng'ombe wenyewe wa watu. Siku hizi kanisani najitambulisha, mimi ni mama wa yule anayesomeshwa na ng'ombe. Wanacheka, na mimi nacheka. Lakini mtoto anasoma, baba, na Mungu anajua nilivyokuwa sina la kufanya."

Mwaka huu wanaoondoka bandani ni wawili. Mmoja ni Tabita. Mwingine ni Anyosisye Kibona, kijana wa Isongole anayetunza nguruwe, ambaye makabidhiano yake yalikwisha kwa siku moja.

"Nguruwe hawana maneno," anasema Anyosisye. "Hata ukiwapelekea mkaguzi wa shule watampokea, bora awe na ndoo mkononi."

Binti wa mlangoni anaitwa Nuria Yahaya, ana miaka kumi na mitano, kidato cha kwanza, mtoto wa Tunduma. Baba yake alikuwa dereva wa malori mpaka alipoumia mgongo. Mama yake, Bi Ikram, mwenye asili ya Ujiji, anauza chai na chapati kwa madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Nakonde, na kwa wateja wake wa Zambia amejifunza kusema "natotela", yaani asante, hata kwa yule aliyekunywa chai kwa ahadi.

Nuria ni Mwislamu. Nguruwe hagusi, na shule haimlazimishi. Mwaka mzima, zamu yake ya kusafisha upande wa nguruwe imefanywa na Tabita, naye akashika zamu ya Tabita kwa kuku, wala hakuna aliyeitisha kikao juu ya jambo hilo. Lakini nafasi zilizo wazi ni hizo mbili, ya ng'ombe na ya nguruwe. Kwa Nuria mlango ni mmoja, na mlangoni amesimama Mama Mkwe.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Nuria ana mikono laini na sauti ya chini, vitu viwili ambavyo ng'ombe huyu anavipenda. Mwanzoni mwa Oktoba alikuwa akikamua mwenyewe, Tabita amesimama pembeni tu.

Halafu ikaja Idd ya kuchinja.

Mwalimu Lusubilo alimpa ruhusa ya kwenda nyumbani. Jumatatu alfajiri Nuria alikamua, akachelewa, akakimbilia gari akiwa bado amevaa koti kwa ajili ya baridi. Abiria wenzake walifungua madirisha mpaka Tunduma.

Mama yake alimvua koti mlangoni. "Niliuliza, hili ndilo la huyo dada anayekufundisha?" anasimulia Bi Ikram. "Aibu ikanishika. Mtu amekupokelea mwanao, amemshika mkono, halafu umrudishie nguo yake namna hii?"

Nuria alijaribu. "Nilimwambia, mama, hili halifuliwi, ndiyo sheria," anasema. "Akaniambia koti lisilofuliwa ni la mchawi." Mbele ya mama mwenye ndoo na sabuni, mtoto hana hoja.

Bi Ikram aliliroweka usiku kucha, akalifua maji matatu, akalianika juani. Siku ya sikukuu akawasha chetezo na kulifukiza udi, ule ule aliofukizia nguo za mumewe za kwendea kuswali. Akalikunja, akalitia kwenye mfuko mpya pamoja na visheti vya Tabita. "Nilikuwa nashukuru," anasema, akitazama viganja vyake. "Sikuwa na kingine cha kushukuria."

Tabita anakumbuka mfuko ulivyofunguliwa bwenini. "Lilikuwa jeupe mahali ambapo sikujua ni peupe. Na lilinukia kuliko sisi sote. Nilimwona Nuria ananitazama usoni. Nilisema asante, tukala visheti. Nilijidanganya kwamba labda ng'ombe hatajali."

Ng'ombe alijali. Kesho yake alfajiri alinusa mara moja, akapuliza pua na kuruka. Ndoo ikaenda huku, Nuria kule, na koti likanasa kwenye msumari wa nguzo, likapasuka kutoka kwapani hadi mfukoni. Tabita aliingia, akalivaa yeye ili amtulize, akala teke la kwanza tangu mwaka ule wa pipa la pumba. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Mama Mkwe si punda, lakini siku hiyo undugu wao ulionekana.

Alipolivua, ng'ombe akamkubali. Ila kuanzia hapo, Nuria akikaribia tu, hata bila koti, Mama Mkwe anabana maziwa. Upande mmoja wa kiwele ukaanza kuwa mgumu. Ikawa Tabita anaacha vitabu asubuhi na jioni kwenda kukamua, huku mtihani unamkaribia.

Mwalimu Lusubilo hakuweza kuliacha hivyo. "Mimi si mtu mbaya," anasema. "Lakini kiwele kikiugua, chuchu inaweza kufa, na watoto bwenini watakunywa uji mkavu. Na Tabita siwezi kumtoa kwenye chumba cha mtihani aje akamue. Nilisema Jumapili ya tarehe ishirini na saba. Nuria akishindwa, Mama Mkwe anakwenda kwa kijana wa kidato cha pili aliyezoea kukamua kwao."

Hakutaja kitakachompata Nuria. Haikuhitajika. Jioni ile msichana alianza kukunja blanketi lake.

Wokovu ulitoka kwenye utani. Walikuwa jikoni wanasubiri ugali, wamenuna wote, Anyosisye akasema, "Nipeni koti nguruwe wangu walilalie siku mbili. Tutaona huo udi utakimbilia wapi."

Watu walicheka, hata Nuria. Tabita hakucheka. "Nilikaa nikasema, si nguruwe," anasimulia. "Ndama. Hakuna harufu duniani Mama Mkwe anaipenda kama ya mwanawe."

Ndivyo koti lilivyotandikwa kizimbani. Ndama akalilalia, akalikojolea, akalitafuna pindo. Nuria akakatazwa kuingia kwa mama mtu, ila akapewa kazi ya kumnywesha mtoto kwa ndoo, vidole mdomoni, asubuhi na jioni, mpaka ndama akawa anamfuata akimwona.

Lilibaki lile tundu. Tabita alitaka kulishona mwenyewe, maana mkono wake ni wa cherehani. Nuria akakataa. "Dada, nililipasua mimi," alisema, "niache nilishone mimi." Jumamosi mchana alikata kipande cha zambarau kwenye gauni lake la Idd ya mwaka juzi, ambalo limeshambana. Kabla ya kukishona alikisugua mgongoni mwa ndama, huku na huku. Amejifunza.

Jumamosi hiyo hiyo jioni Bi Ikram alishuka Isansa kutoka Tunduma, na kapu la chapati. Aliambiwa asikaribie banda, naye hakuuliza sababu.

Jumapili, ukungu ni ule ule. Tabita, Mwalimu Lusubilo, Anyosisye, Bi Ikram na mwandishi wamesimama nyuma ya ukuta wa majani ya gwatemala, upande ambao upepo hauendi bandani. Nuria amepita mbele yao na taa na ndoo, koti limemfika magotini, kiraka cha zambarau kinaonekana hata gizani. Hakumtazama mtu.

Mlango unafungwa. Anasikika akisema kitu kwa sauti ya chini. Mnyororo unalia. Ng'ombe anapuliza pua, na Tabita anamshika mwandishi mkono bila kujua anamshika.

Ndoo bado haitoi mlio. Mwalimu anaangalia buti zake. Tabita amefumba macho, midomo inacheza, na ukimtazama vidoleni utaona vinakamua hewa.

Kisha unasikika mlio mmoja mwembamba kwenye bati la ndoo. Halafu hakuna kitu. Halafu mwingine, na mwingine, na sasa ni kwa kupokezana. Maziwa kwenye ndoo tupu hulia kwa ukali. Yakianza kupata povu mlio hunenepa na kushuka. Tabita anausikiliza ukishuka.

"Ameshusha maziwa," anasema, na machozi yanamtoka waziwazi, haoni haja ya kuyaficha. "Mwalimu, ameshusha."

Bi Ikram anakaa chini pale pale kwenye umande. "Alhamdulillah," anasema, kisha anarudia kwa sauti ndogo, mara nyingi. Anyosisye anatangaza kwamba sifa zote ziende kwa nguruwe, kwa kuwa wazo lilianzia kwao, na hakuna anayembishia.

Nuria anapotoka, ndoo ina povu hadi karibu na ukingo. Anaiweka mbele ya Mwalimu kwa mikono miwili. Mwalimu anaitazama, anamtazama yeye. "Jioni usichelewe," anamwambia, na hiyo ndiyo hotuba yote. Nuria ameielewa, maana amefunika uso kwa ushungi na mabega yanamtikisika.

Sasa Tabita anaulizwa na mwandishi anakokwenda baada ya mtihani. Anajibu haraka, kama mtu aliyelifikiria jambo hilo kila alfajiri. Anataka chuo cha mifugo. Akishamaliza atarudi Chitete. "Ng'ombe kama huyu kule joto na kupe vitammaliza," anasema. "Lakini mbuzi wa maziwa wanaweza. Mwalimu ameniahidi mitamba miwili ya mbuzi nikiondoka, mama ameshaanza kujenga banda. Nitawafundisha wasichana wa kule kukamua. Mimi nilifundishwa na mtu ambaye hakuwa na nafasi, sasa nitasemaje sina nafasi?"

Nuria anamvuta mkono. "Dada, ingia umuage."

Tabita anautazama mlango wa banda. Miaka mitatu ameufungua kabla ya jua. Anatikisa kichwa. "Nikiingia ataninusa. Kesho atanitafuta, na teke langu utalipata wewe." Anamsukuma Nuria begani. "Nenda wewe. Mwambie Mama Mkwe nimesema asante kwa shule."

Nuria anarudi ndani. Wote wanamsikia akiufikisha ujumbe, neno kwa neno, kwa adabu, kama anayezungumza na mkwe kweli.

Tabita bado anatetemeka kwa baridi. Bi Ikram anainuka, anavua mtandio wake mzito na kumwekea mabegani. Tabita anaruka nyuma kwa mazoea. "Hapana, mama, una udi huo, ng'ombe..." Anaishia hapo.

Anausogeza mtandio puani, anaunusa taratibu. Kisha anacheka, anajifunika vizuri, anaokota kitabu chake cha Kemia juu ya uzio na kuelekea darasani kujisomea, ananukia.